Huye ni Ipi? Uhakiki wa Majina Rasmi katika Atlasi za Mtandaoni

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na mashairi. Ramani tunawaachia wenzetu wa Jiografia, na sioni sababu ya kufanya hivyo. Ramani ni matini. Ina waandishi na wasomaji, ina yanayosemwa na yanayonyamaziwa, na karibu kila neno lililomo ndani yake ni nomino ya pekee. Kama kuna watu waliofundishwa kuuliza jina limetoka wapi, linatamkwaje na linamrejelea nani, ni sisi. Kwa hiyo katika makala hii nitahakiki jambo moja tu la atlasi za mtandaoni: namna zinavyounganisha jina rasmi la mahali na umbo lake kwenye ramani. Mfano wangu ni nchi yangu, Rwanda, na majirani zake pale ambapo mlima au mto unavuka mpaka.

Kwanza nieleze kazi yenyewe, maana ukiisikia unaweza kudhani ni ya dakika tano. Upande mmoja ipo orodha ya serikali. Kwa Rwanda ina Jiji la Kigali na mikoa minne, wilaya 30, imirenge 416, utugari 2,148, kisha midugudu kwa maelfu. Upande wa pili yapo maumbo: nukta kwa mji, mstari kwa mto, poligoni kwa ziwa au wilaya. Mchora ramani wa zamani aliunganisha pande hizi mbili kwa mkono, akiandika jina kando ya nukta, na msomaji akaelewa kwa jicho. Kompyuta haina jicho la namna hiyo. Lazima iambiwe waziwazi kwamba safu hii ya orodha ni umbo hili, si lile la jirani yake. Ikiambiwa vibaya haitasita. Itachora tu, kwa rangi nzuri.

Sasa tuitazame Huye. Kabla ya mwaka 2006 palikuwa na mji unaoitwa Butare, na mkoa uliobeba jina hilohilo. Mageuzi ya utawala ya Januari 2006 yalifuta mikoa 12 yakaweka minne pamoja na Jiji la Kigali, na wilaya 106 zikawa 30. Mojawapo ya malengo yaliyotajwa wakati ule ilikuwa kuachana na mipaka na majina yaliyobeba kumbukumbu za mgawanyiko. Butare ikawa Huye, Gitarama ikawa Muhanga, Ruhengeri ikawa Musanze, Gisenyi ikawa Rubavu, Kibuye ikawa Karongi, Cyangugu ikawa Rusizi, Byumba ikawa Gicumbi na Kibungo ikawa Ngoma. Hivi ndivyo tunavyosimuliana, na hivi ndivyo vyanzo vingi vya mtandaoni vinavyoandika: jina la zamani, mshale, jina jipya.

Mshale huo ndio ninaoupinga. Huye ni jina la mlima. Huye ni jina la umurenge. Huye ni jina la wilaya. Na kwa mazoea ya miaka hii karibu ishirini, Huye ni jina la mji uliokuwa Butare, ingawa katikati ya mji huo hapako katika umurenge wa Huye bali katika umurenge wa Ngoma. Ngoma nayo ni jina la wilaya nyingine kabisa, Mkoa wa Mashariki, ile iliyokuwa Kibungo. Kwa hiyo mtu akiiuliza atlasi, “Huye ni ipi?”, jibu la kweli ni maumbo manne: nukta mbili na poligoni mbili. Akiuliza Ngoma, atapelekwa pande mbili tofauti za nchi. Mshale hausemi lolote kati ya haya. Unadai kitu kimoja kimebadilishwa jina, kumbe kilichotokea ni kwamba eneo jipya, lenye mipaka mipya, lilipewa jina la mlima, kisha jina hilo likamwagikia mji.

Hali ni hiyo hiyo kwingine. Mji wa Ruhengeri umo katika umurenge wa Muhoza, na upo umurenge mwingine uitwao Musanze. Mji wa Gitarama umo Nyamabuye. Kibuye imo Bwishyura. Gisenyi ilibakiziwa jina lake katika ngazi ya umurenge, ndani ya wilaya ya Rubavu, yenye umurenge mwingine uitwao Rubavu. Karongi ni mlima na ni wilaya. Rusizi ni mto na ni wilaya. Burera ni ziwa na ni wilaya.

Msomaji anaweza kusema haya ni mambo ya wapenda orodha. Basi tukumbuke mafuriko na maporomoko ya usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Mei 2023, yaliyoua zaidi ya watu 130 katika Mikoa ya Magharibi na Kaskazini. Taarifa za wakati kama huo hutolewa kwa majina ya wilaya: Rubavu, Karongi, Rutsiro, Burera na nyinginezo. Wanaochora ramani za dharura huchukua jedwali hilo na kuliunganisha na maumbo yaliyopo mtandaoni. Jedwali likisema Burera na programu ikaichukua Burera ya kwanza inayoikuta, msaada utachorwa juu ya maji. Au fikiria mgonjwa anayepewa barua ya rufaa. Wilaya inaitwa Karongi, hospitali ya rufaa inaitwa Kibuye. Wilaya inaitwa Musanze, hospitali inaitwa Ruhengeri. Huko Kusini, kampasi ya Chuo Kikuu cha Rwanda inaitwa Huye, na hospitali ya chuo kikuu iliyo katika mji huohuo bado inaitwa Butare.

Hapa nataka kusimama kidogo, maana neno “rasmi” ndilo lenye kasoro kubwa kuliko yote. Tunalitumia kana kwamba urasmi una mlango mmoja. Kanisa Katoliki nchini kwetu lina majimbo ya Butare, Ruhengeri, Cyangugu, Kibungo, Byumba na Gikongoro. Majina haya hayakubadilika mwaka 2006, na hakuna askofu anayeyaona kuwa lakabu. Ni rasmi, ila kwa ofisi nyingine. Butare yenyewe kabla ya mwaka 1962 iliitwa Astrida, kutokana na Malkia Astrid wa Ubelgiji, na hilo nalo lilikuwa rasmi tena kwa muhuri. Atlasi inayoandika “jina rasmi” bila kusema rasmi kwa nani na tangu lini inatupa nusu ya habari.

Tuzipe atlasi haki yake. OpenStreetMap, iliyoanza mwaka 2004 na kuchorwa na watu wa kujitolea, haina lebo moja tu ya jina. Ina lebo ya jina la kawaida, ya jina rasmi, ya jina la zamani, ya jina mbadala, na hata ya jina la wenyeji wa karibu. Ina pia kanuni ninayoiheshimu: jina la kawaida liwe lile linaloonekana na kusikika pale ardhini. Kwa kanuni hiyo mchoraji wa mji wetu anapaswa kwenda stendi na sokoni asikilize. Atasikia Huye kwa kijana anayekata tiketi na Butare kwa mama anayeuza viazi. Pengine atasikia pia mtu akielekezwa “mu Cyarabu”, mtaa wa maduka uliopata jina kwa wafanyabiashara Waarabu, ambao hauna mstari wake katika orodha ya serikali kwa sababu si umurenge wala akagari. Lebo za kuyabeba yote haya zipo. Lakini lebo inayochapwa kwenye ramani, ile ambayo jicho la msomaji linaifikia, ni moja. Hapo mchoraji analazimika kuamua, na uamuzi wake haubebi sahihi.

Wikidata, iliyoanzishwa mwaka 2012, ilitatua tatizo kwa njia nyingine. Kila kitu kina namba yake inayoanza na herufi Q, na majina yananing'inia juu ya namba hiyo kwa lugha zozote. Mji una namba yake, wilaya ina namba yake, na umbo la OpenStreetMap linaweza kubeba namba hiyo kama lebo. Kiisimu hili ni jambo zuri sana: kirejelewa kimetenganishwa na jina lake, jambo ambalo walimu wetu wa semantiki hutumia wiki mbili kutueleza. Jina linaweza hata kuwekewa mwaka wa kuanza na wa kukoma. Lakini nafasi ya kuandika mwaka haijijazi yenyewe, na mtu aliye mbali, mwenye jedwali mkononi na haraka kichwani, hupenda njia ya mkato: kulinganisha herufi.

Njia hiyo ya herufi ndiyo iliyonivuta niandike. Nilikaa jioni kadhaa na rafiki yangu wa Jiografia aliyekuwa akilinganisha orodha ya imirenge na majina yaliyopakuliwa mtandaoni. Programu yake ilitumia umbali wa Levenshtein, kipimo kilichobuniwa na mwanahisabati wa Kisovieti Vladimir Levenshtein mwaka 1965. Kipimo hiki huhesabu ni herufi ngapi zibadilishwe, ziongezwe au zifutwe ili neno moja liwe jingine. Umbali wa moja ukionekana, programu hudhani ni kosa la uchapaji na kusema: hawa ni mmoja.

Sasa tazama linavyofanya kazi kwetu. Rukoma na Rukomo zina umbali wa moja. Rukoma ni umurenge wa wilaya ya Kamonyi, Kusini. Rukomo ni umurenge wa Gicumbi, na Rukomo nyingine ni umurenge wa Nyagatare. Gasabo na Gasaka zina umbali wa mbili. Gasabo ni wilaya ya Kigali, Gasaka ni umurenge ulioko Nyamagabe. Majina yetu hujengwa kwa viambishi vinavyojirudia, Ru-, Ga-, Nya-, Mu-, juu ya mashina mafupi. Herufi moja mwishoni, ambayo kwa programu ni kelele, kwetu ndiyo habari yenyewe.

Geuza upande wa pili. Rusizi na Ruzizi zina umbali wa moja, na ni mto mmoja, unaotoka Ziwa Kivu kwenda Ziwa Tanganyika. Ukiwa Rwanda au Burundi unaandikwa kwa s, ukiwa Kongo kwa z, na mitambo ya umeme iliyoko juu yake inaitwa Ruzizi hata katika hati tunazoshirikiana. Burera na Bulera ni ziwa moja. Ruhondo na Luhondo ni ziwa moja. Katika Kinyarwanda r na l si fonimu mbili zinazotofautisha maana, kwa hiyo mgeni wa enzi za ukoloni aliyeandika l alisikia alichotaka kusikia. Akagera na Kagera ni mto mmoja. Kinyarwanda kinaandika irabu tangulizi, Kiswahili hakina irabu hiyo, na Tanzania ina mkoa mzima unaoitwa Kagera. Akanyaru yetu huandikwa Kanyaru kwenye ramani nyingi za upande wa Burundi.

Milima ya Virunga ndiyo mfano ninaoupenda zaidi. Mlima ulioko mpakani mwa Rwanda na Uganda tunauandika Muhabura, jina linalohusiana na kumwonyesha njia aliyepotea. Uganda wanauandika Muhavura. Wengi hudhani mmoja wetu amekosea. Hakuna aliyekosea. Herufi b ya Kinyarwanda, ikiwa haikutanguliwa na m, hutamkwa kwa midomo miwili iliyokaribiana bila kufungana, sauti iliyo jirani na v. Sisi tuliandika fonimu, wao wakaandika walichosikia. Ndivyo pia Bisoke ilivyopata umbo la Visoke katika vitabu vya wageni, na Sabyinyo, pale mipaka ya nchi tatu inapokutana, ikapoteza y yake na kuwa Sabinyo. Gahinga kwetu ni Gahinga. Kwa Uganda hifadhi ya taifa ya upande ule inaitwa Mgahinga. Mtu anayejua kanuni tatu au nne za fonolojia ya Kinyarwanda angeweza kuiandikia programu hiyo maagizo bora kuliko umbali wa Levenshtein: r na l zihesabiwe sawa, b na v zihesabiwe sawa, irabu tangulizi iachwe, lakini irabu ya mwisho ya shina isiguswe. Hii ni kazi ya mwanafunzi wa isimu wa mwaka wa tatu. Sijui kwa nini inasubiri mtu wa kompyuta.

(Hapa nchini tuna sherehe ya Kwita Izina, ambapo tangu mwaka 2005 watoto wa sokwe wa milimani hupewa majina hadharani, kila mmoja na aliyempa. Sokwe wa Virunga wana kumbukumbu ya majina iliyo safi kuliko ya midugudu iliyo chini ya milima yao.)

Wapo watakaosema dawa ni misimbo. Takwimu za taifa zinaipa kila wilaya tarakimu mbili, ya kwanza ikiwa ya mkoa. Huye ni 24. Unganisha kwa 24, usiunganishe kwa Huye, na Ngoma mbili hazitagongana tena. Nakubali, na rafiki yangu ndivyo alivyomaliza kazi yake. Lakini msimbo unajua orodha ya leo tu. Umejengwa ndani ya ngazi za utawala wa leo, na mipaka ikichorwa upya, nao utakufa.

Na hapo ndipo jambo linapokuwa zito. Ushahidi wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 umeandikwa kwa majina ya wakati ule: mkoa, komini, seketeri. Mahakama ya Kimataifa ya Arusha ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu tarehe 2 Septemba 1998 kwa yaliyotendeka katika komini ya Taba, mkoani Gitarama, ambayo leo iko katika wilaya ya Kamonyi. Kesi ya watu sita wa Butare inaitwa kesi ya Butare. Komini ya Nyakizu imo sasa katika Nyaruguru. Komini ya Mabanza, mkoani Kibuye, imo katika Karongi, pande za Rubengera. Mtu wa umri wangu anayesoma hukumu, au ushahidi wa ndugu yake mwenyewe, akaliandika jina la komini kwenye kisanduku cha kutafutia, mara nyingi atapata kijiji chenye jina kama hilo mahali pengine, au hatapata kitu. Komini haikuwa nukta. Ilikuwa poligoni, na poligoni hiyo haipo katika orodha rasmi ya leo, kwa hiyo haina msimbo. Atlasi iliyosukwa juu ya orodha ya sasa inampeleka mtu huyo kusikohusika, au inamwambia mahali hapo hapakuwahi kuwapo.

Ndiyo maana siupendi mshale. Anayeandika “Kibuye → Karongi” anamfanya msomaji adhani kwamba kila kilichoandikwa Kibuye mwaka 1994 kinaweza kuhamishiwa ndani ya poligoni ya Karongi. Haiwezekani. Mkoa wa Kibuye na wilaya ya Karongi havilingani mipaka. Sehemu ya mkoa ule imo leo Rutsiro. Uunganishaji wa haki ungeiweka komini kama umbo lenye mwaka wa kuzaliwa na wa kufa, na jina lake likabaki juu yake bila kutafsiriwa kwa jina la baadaye. Ramani za komini zipo kwenye karatasi. Kinachokosekana ni mikono.

Nimalize na lebo inayotuhusu sisi moja kwa moja. Tangu Februari 2017, Bunge lilipopitisha sheria, Kiswahili ni lugha rasmi Rwanda pamoja na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Kwa hiyo jina rasmi la mahali lina, au lingepaswa kuwa na, umbo la Kiswahili. Kwa majina ya pekee hakuna shida: Huye ni Huye. Shida ni nomino ya jumla inayoandamana nalo. Intara y'Amajyepfo ni Mkoa wa Kusini, ingawa wenzetu wa Bukavu wangependa kusema jimbo. Akarere ni wilaya. Lakini umurenge? Nimesoma tarafa, nimesoma kata, nimesikia sekta redioni. Programu inayotumia aina ya mahali kama kigezo cha kuunganisha itaziona hizi kuwa ngazi tatu tofauti.

Mimi ningechagua kata, kwa sababu umurenge unaongozwa na katibu mtendaji, kama kata ya Tanzania inavyoongozwa na afisa mtendaji. Lakini nikifuata kigezo hicho hadi chini, naingia matatani. Akagari nako kana katibu mtendaji, na Tanzania ngazi inayofuata yenye afisa mtendaji ni kijiji. Basi akagari kawe kijiji. Kisha umudugudu, ambao vitabu vyetu vyote vimeutafsiri kijiji, utabidi ushuke uwe kitongoji. Naliona hili kuwa sahihi kiutendaji, na najua hakuna mzee wa umudugudu hata mmoja atakayekubali kuambiwa kwamba anaongoza kitongoji.